Usimuulize kama ameipenda: ushauri wa kupima prototaipu kwa watumiaji

Ukimwonyesha mtu kitu ulichokitengeneza, kisha ukamuuliza kama amekipenda, atakwambia amekipenda. Nimeliona hili katika vikao vingi vya kupima prototaipu, yaani mfano wa awali wa kitu ambacho bado kinatengenezwa, kiasi kwamba sasa kila ninapoandaa utafiti wa watumiaji najiuliza jambo moja kabla ya yote: je, utaratibu huu unampa mshiriki nafasi ya kunionyesha ukweli bila kuona kwamba ananivunjia heshima?

Tatizo hili limepimwa. Mwaka 2012 Nicola Dell na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika India kuhusu namna watu wanavyomjibu mhoji. Waliohojiwa walielekea kupendelea kile walichoamini kimetengenezwa na mhoji kwa takriban mara 2.5 zaidi, hata pale ambapo vitu viwili walivyoonyeshwa vilikuwa sawa kabisa. Mhoji alipokuwa mtafiti wa kigeni anayehitaji mkalimani, upendeleo ulifika mara 5. Ndiyo maana nashauri kikao kiendeshwe na mtu ambaye hakuibuni prototaipu, na mshiriki aambiwe hivyo. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake: mbunifu akikaa yeye mwenyewe karibu na mshiriki, atatikisa kichwa, atavuta pumzi, ataangalia pale penye kitufe sahihi, na mshiriki atayafuata macho yake.

Kabla ya kutafuta washiriki, andika uamuzi mnaousubiri. "Tunataka kujua kama programu ni nzuri" hakuna kikao kitakachoweza kulijibu. "Je, mtu anayeifungua kwa mara ya kwanza anaweza kubadilisha siku ya miadi yake bila kuuliza?" hilo linajibika, tena linakwambia utafute nani na prototaipu ikamilike kiasi gani. Kama mnachotaka kujua ni mpangilio wa hatua, skrini zilizochorwa kwenye karatasi zinatosha. Mimi hata huzipendelea, kwa sababu mtu haoni taabu kukosoa mchoro wa penseli kama anavyoona taabu kukosoa kazi inayoonekana imemalizika.

Sehemu ninayoitumia muda mwingi kuliko zote ni kuandika kazi atakazopewa mshiriki. Chukua programu ya kupanga miadi ya daktari. Timu nyingi huandika hivi: "Fungua menyu, nenda kwenye Miadi, halafu bonyeza Badilisha tarehe." Hapo mnapima kama mtu anajua kusoma. Maneno yote yaliyo kwenye skrini ameshapewa, kilichobaki ni kuyatafuta. Andika badala yake: "Una miadi na daktari Alhamisi asubuhi. Kazini wamekwambia siku hiyo huwezi kutoka. Fanya unachoona kinafaa." Neno "badilisha" halimo, wala "tarehe", wala "menyu". Sasa utaona kama ataanza kwa kufuta miadi ya zamani, au atapanga mpya na kuiacha ile ya kwanza ikining'inia, au atatafuta namba ya kupiga simu. Kila njia anayoichukua inakueleza anavyoielewa huduma yenyewe, na hilo ni kubwa kuliko suala la kitufe kukaa kulia au kushoto.

Mwombe aseme kwa sauti anachokifikiria huku akiendelea, kisha nyamaza. Kunyamaza ni kugumu, na hakuzoeleki bila mazoezi. Nakumbuka mshiriki mmoja aliyekuwa na kazi kama hiyo ya miadi. Kidole chake kilikuwa juu ya skrini bila kuigusa, kikishuka, kikipanda, kikirudi palepale. Alifungua ukurasa wa wasifu wake, akatoka, akaufungua tena. Alipoipata njia alisema, "Ni rahisi tu, mimi ndiye sijazoea." Ukiandika maneno yake peke yake, umepata sifa. Ukiandika kidole, umepata tatizo la muundo ambalo lisingejitokeza kwenye dodoso lolote. Kwa hiyo pawe na mtu wa pili ambaye kazi yake ni kuandika matendo tu, na saa yalipotokea. Mshiriki akiuliza "Nibonyeze hapa?", mrudishie swali kwa upole: "Wewe ungetarajia nini kitokee?"

Jambo moja la kiufundi ambalo husahaulika: kama unataka kulinganisha muda, usimtake mtu aseme kwa sauti katika kazi hiyohiyo. Kusema kunabadilisha mwendo wake. Na kama unalinganisha miundo miwili kwa watu walewale, nusu yao waanze na wa kwanza na nusu waanze na wa pili, vinginevyo utakachokiona kwenye muundo wa pili ni matunda ya mazoezi.

Fanya jaribio la awali na mtu wa nje ya timu, angalau mmoja. Halihitaji maelezo marefu: kazi isiyoeleweka na kiungo kisichofanya kazi hujitokeza hapo.

Watu wangapi? Mtasikia namba 5. Inatokana na kazi ya Jakob Nielsen na Thomas Landauer ya mwaka 1993: kama mtu mmoja hukutana kwa wastani na asilimia 31 ya matatizo yaliyopo, watu watano watafichua karibu asilimia 85. Ila huo ni wastani. Mwaka 2003 Laura Faulkner alichukua data za watu 60, akaunda makundi ya watano watano kwa bahati nasibu, na kundi lililoambulia kidogo zaidi lilipata asilimia 55 tu ya matatizo. Mimi naipenda namba 5 kwa raundi moja: tazama, rekebisha, rudia na watu wengine. Kinachoniumiza ni ripoti inayosema "asilimia 80 ya watumiaji walifaulu" kumbe ni wanne kati ya watano. Kwa sampuli hiyo, kiwango halisi kinaweza kuwa popote kati ya asilimia 36 na 98 hivi. Andika "wanne kati ya watano", basi.

Dodoso lije mwisho. SUS (System Usability Scale), dodoso la kupima urahisi wa kutumia mfumo lililoandaliwa na John Brooke mwaka 1986, ina kauli 10 tu na haichoshi. Alama zake huenda hadi 100 lakini si asilimia. Wastani unaotajwa sana ni kama 68, kwa hiyo 70 maana yake ni hali ya kawaida.

Kaeni timu nzima siku ileile, kabla kumbukumbu hazijapoa, kila mmoja aseme alichokiona kabla ya kusema anachopendekeza. Kwa wenzenu ambao hawakuwepo, onyesheni kipande kifupi cha video cha mtu akihangaika. Kinashawishi kuliko jedwali. Ridhaa ya kurekodi na ya kuonyesha ombeni kabla ya kikao, kila moja peke yake, mkimweleza mshiriki nani ataiona video, itafutwa lini, na kwamba anaweza kuondoka wakati wowote bila kupoteza malipo aliyoahidiwa.