Kwenda Namugongo kwa miguu: soma haya kwanza

Dada, umesema mnapanda basi Dodoma hadi Mutukula mpakani, kisha miguu hadi Namugongo, mahali pa hija ya Mashahidi wa Uganda, kwa sikukuu yao ya Juni 3, na Uganda huijui. Anza na Kabaka (yaani mfalme) Mwanga wa Buganda: kwa amri yake mashahidi hao Wakristo waliuawa kati ya 1885 na 1887, Wakatoliki na Waanglikana pia, kwa hiyo Wakatoliki msijisifu peke yenu. Buganda, ufalme ndani ya Uganda, ina kabaka hadi leo. Falme zilifutwa 1967, zikarudishwa 1993. Kabaka usimtanie. Rais Museveni yuko madarakani tangu 1986. Wenyeji wakizungumza siasa hizo, wasikilize tu, usichangie. Kiswahili baadhi ya wazee hukihusisha na askari. Mimi nilibwata "mambo vipi" nikatazamwa kama mgambo! Jifunze "webale", yaani asante kwa Kiganda. Chanjo ya homa ya manjano ichome angalau siku 10 kabla. Una presha? Muone daktari kwanza.