Maswali na Majibu: Kiti cha Ubunge Kina Mwenyewe, Naye Si Mpiga Kura

Wiki hii nimechagua maswali yenye uzi mmoja: vyama kugombana na wabunge wao, na Bunge kuchunguza wakubwa. Walioandika kuhusu viwanja vya Gungu wavute subira.

Kaka, tumalizie ubishi wa kijiweni. Zitto alifukuzwa CHADEMA au aliondoka mwenyewe? (Msomaji, Mwanga)

Nimeshalijibu hili, na najua nitalijibu tena, kwa sababu kila upande wa kijiwe hubeba nusu ya habari inayoupendeza. Novemba 2013 Kamati Kuu ya CHADEMA ilimvua Zitto Kabwe, mbunge wa Kigoma Kaskazini, unaibu katibu mkuu pamoja na unaibu kiongozi wa upinzani bungeni, baada ya kunaswa waraka wa mkakati wa kubadili uongozi wa juu wa chama. Kitila Mkumbo na Samson Mwigamba walivuliwa nyadhifa pamoja naye, na Januari 2014 wakafukuzwa uanachama. Yeye aliwahi Mahakama Kuu akapata zuio: chama kisijadili uanachama wake mpaka kesi yake iishe. Zuio hilo ndilo lililomweka bungeni mwaka mzima na ushei. Machi 10, 2015 kesi ikaanguka, na Tundu Lissu akatangaza kwamba kwa katiba ya chama, mwanachama anayekishtaki chama akashindwa amejiondoa mwenyewe. Siku chache baadaye Zitto akaaga bungeni, akahamia chama cha ACT. Haya, gawaneni ushindi.

Ila hapo kijiweni mnabishania jambo dogo na kuliacha kubwa. Watu wa Mwandiga na Kalinzi waliompa kura 2005 na 2010 waliulizwa lini? Ibara ya 71 ya Katiba inasema mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni, kiti kimekwenda. Hakuna mahali mpiga kura anapotajwa. Jimbo zima la Kigoma Kaskazini likabaki bila mbunge mpaka uchaguzi wa Oktoba, kwa sababu ya ugomvi uliofanyika Dar es Salaam, ndani ya vikao ambavyo hakuna mkazi wa Kalinzi aliyealikwa.

Kafulila sasa yuko chama gani? (Msomaji, Nguruka)

David Kafulila, mbunge wa zamani wa Kigoma Kusini? CCM, tangu mwishoni mwa 2017. Mambo mengine mnaweza kumuuliza mtoto wa jirani.

Mzee wetu, kama Bunge lilithibitisha kuwa fedha za Escrow ni za umma, mbona wakubwa hawakufungwa? (Msomaji, Ujiji)

Bunge halifungi mtu. Linachunguza, linaazimia, linapeleka maazimio Serikalini. Baada ya hapo mpira uko kwa Rais, TAKUKURU, Mwendesha Mashtaka na mahakama. Ambaye bado anasubiri Bunge litie mtu pingu ataendelea kusubiri.

Hata hilo neno "lilithibitisha" limebeba zaidi ya uwezo wake. Akaunti ya Tegeta Escrow ilikuwa Benki Kuu kwa sababu TANESCO na IPTL, kampuni binafsi ya kufua umeme, walikuwa wanagombania malipo ya uwezo wa mitambo, yale ambayo shirika hulipa hata kama mitambo haikuzalisha umeme. TANESCO ililalamika kwamba inatozwa kupita kiasi, basi fedha zikawekwa pembeni mpaka ugomvi uamuliwe. Mwishoni mwa 2013 zikatolewa, zaidi ya shilingi bilioni 300, zikaenda kwa kampuni ya PAP iliyojitambulisha kuwa mmiliki mpya wa IPTL. Serikali ikasema ni mali ya IPTL, hakuna cha umma hapo. Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, PAC, ikiwa na ukaguzi maalumu wa CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, mkononi, ikasema humo ndani mna fedha za TANESCO na kodi ambayo haikulipwa. Ubishi huo haukuisha kwa ripoti kusomwa. Tofauti ni kwamba baada ya hapo kila mtu alijua anabishania nini.

Na matokeo yalikuwepo, tusijifanye tumesahau. Desemba 2014 Mwanasheria Mkuu Frederick Werema alijiuzulu, na Profesa Anna Tibaijuka akaondolewa uwaziri kwa sababu ya shilingi bilioni 1.6 alizopokea kutoka kwa James Rugemalira, aliyekuwa mbia wa IPTL, alizosema ni za shule. Januari 2015 Profesa Sospeter Muhongo akaachia Nishati na Madini. Juni 2017 Harbinder Singh Sethi wa PAP na Rugemalira wakafikishwa mahakamani, wakakaa mahabusu mpaka 2021. William Ngeleja, waziri wa zamani wa Nishati na Madini, akarudisha milioni 40.4 alizokuwa amepewa. Kama hayo ni machache, sawa, nami naona ni machache.

Ninalotaka mlitazame vizuri ni nani waliobeba sakata lile. Aliyelipigia kelele bungeni mpaka akaitwa tumbili mbele ya wabunge wenzake ni David Kafulila wa Kigoma Kusini. Huyo NCCR-Mageuzi ilikuwa imemfukuza Desemba 2011, akabaki bungeni kwa amri ya mahakama. Mwenyekiti wa PAC aliyesimama na ripoti Novemba 2014 ni Zitto wa Kigoma Kaskazini, naye yuko bungeni kwa amri ya mahakama vilevile. Yaani uchunguzi mkubwa kuliko wote wa Bunge lile uliegemea wabunge wawili wa mkoa huu ambao vyama vyao vilikuwa vimeshataka kuwatupa nje. Hakimu angeamka vibaya siku moja, leo tusingekuwa na ripoti ya kugombania.

Siku ilipokuwa inasomwa nilikuwa sokoni Mwanga. Mama mmoja wa dagaa aliacha kopo limejaa nusu, mteja kashika mfuko wazi, wote wawili wameigeukia redio. Kwa wadogo zangu mliokulia baada ya Januari 2016, ambapo Serikali ilisema TBC haitarusha tena vikao vyote moja kwa moja: ndiyo, zamani tulikuwa tunasikiliza Bunge lote, mubashara, na biashara inasimama.

Mahakama ilikataza mjadala ule na Bunge likaendelea. Huo si uvunjaji wa sheria? (Msomaji, Kibondo)

Swali zuri, la kwanza zuri wiki hii. Amri ya Mahakama Kuu ilitoka siku chache kabla ya ripoti kujadiliwa, na Spika Anne Makinda akaruhusu mjadala. Ibara ya 100 inalinda uhuru wa mawazo na majadiliano bungeni, na inasema uhuru huo hautahojiwa na chombo chochote, mahakama ikiwemo. Kwa hiyo Bunge lilikuwa na pa kusimama. Lakini msishangilie sana. Ukuta huohuo uliolinda ripoti ya Escrow ndio Bunge linaojificha nyuma yake linapoonea watu. Agosti 2007 Zitto alipeleka hoja ya kuundwa kamati teule kuchunguza mkataba wa mgodi wa Buzwagi, ambao Waziri Nazir Karamagi alikuwa ameusaini London. Hoja ikakataliwa, na mleta hoja akafungiwa nje mpaka Januari 2008 kwa madai kuwa amelidanganya Bunge. Miezi michache baadaye Rais Kikwete akamteua huyohuyo kwenye kamati ya Jaji Mark Bomani ya kupitia sekta ya madini. Bunge halikumwomba radhi.

Ni kweli Lowassa alionewa na Kamati ya Mwakyembe? (Msomaji, Kasulu)

Hiyo ni kamati teule ya Bunge iliyochunguza mkataba wa umeme wa Richmond, na Lowassa mwenyewe alisema ilimtuhumu bila kumwita kumhoji. Hilo ni lalamiko la haki kabisa, hata lingetoka kwa mtu usiyempenda. Huwezi kuandika jina la Waziri Mkuu kwenye ripoti ya Richmond ukamnyima nafasi ya kujibu, halafu ukashangaa miaka yote watu wanasema kulikuwa na visasi. Kamati teule zijifunze hapo: mwite mtuhumiwa, mwapishe, andika majibu yake hata kama ni ya kipuuzi.

Hilo halimaanishi kwamba zabuni ile ilikuwa safi. Nchi ilikuwa gizani, ikaingia mkataba wa umeme wa dharura na kampuni ambayo haikuwa na uwezo. Februari 7, 2008 Lowassa akajiuzulu, Karamagi na Ibrahim Msabaha wakamfuata, Baraza la Mawaziri likavunjika.

Kichekesho kikaja Julai 2015. Septemba 2007, pale Mwembeyanga, CHADEMA kupitia Dr. Wilbrod Slaa ilisoma orodha ya watuhumiwa wa ufisadi na jina la Lowassa likiwemo. Miaka minane baadaye Lowassa ndiye mgombea urais wao, na Slaa ndiye aliyeondoka. Msomaji wa Kasulu, usiniambie tena kwamba vyama hufukuza watu kwa ajili ya misimamo. Vyama hufukuza anayesumbua leo na hupokea anayefaa kesho.

Mbona mnawalaumu wapinzani tu? CCM haijawahi kumfukuza mbunge aliyeisumbua bungeni. (Msomaji, Urambo)

Ndugu yangu wa Urambo, na wewe wa kusema hivyo! Samuel Sitta alikuwa mbunge wenu. Ndiye Spika aliyeruhusu kamati ya Richmond iundwe na ripoti yake isomwe mchana kweupe, Bunge la kasi na viwango. Agosti 2009 Halmashauri Kuu ya chama chake ilimweka kikaangoni Dodoma, na habari ya kumnyang'anya kadi ikazungumzwa. Kadi ingekwenda, ubunge ungekwenda, na Uspika nao, bila mtu hata mmoja wa Urambo kuulizwa. Akaponea. Mwaka 2010 chama kikaamua kwamba zamu ya Spika ni ya mwanamke, na kwa njia hiyo ya adabu Sitta akawekwa kando.

Sina ugomvi na mwanamke kuwa Spika. Anne Makinda, kama nilivyosema hapo juu, hakuizima ripoti ya Escrow. Ninachosema ni kwamba chama tawala hakihitaji kufukuza. Kikitoa kadi mezani na kuitazama tu, ujumbe umefika. Ndiyo maana wabunge wake wengi wenye ulimi huumeza mapema. Marehemu Deo Filikunjombe wa Ludewa, makamu wa Zitto pale PAC, alikuwa wa aina adimu.

Mbunge anachaguliwa kwa jina la chama. Chama kisipoweza kumfukuza, si atakiuza? (Msomaji, Buhigwe)

Hoja hii nimeisikia kwa viongozi wa vyama vyote na sijui ni lini itachoka. Ibara ya 71 ilizuia nani kuuza? Kuanzia mwishoni mwa 2017 wabunge wa upinzani walijiuzulu mmoja baada ya mwingine, "kuunga mkono juhudi" za Rais Magufuli, wakahamia CCM na kurudi bungeni kwa uchaguzi mdogo wa majimbo yaleyale. Maulid Mtulia alitoka CUF Kinondoni, Godwin Mollel alitoka CHADEMA Siha, Mwita Waitara naye Ukonga. Ibara haikuwagusa, maana waliondoka kwa hiari wakiwa na pa kwenda. Inayemkamata ni yule asiyetaka kuondoka.

Na hata huyo inamkamata kwa kuchagua. Julai 2017 wabunge wanane wa viti maalumu wa CUF walifukuzwa na upande wa Profesa Lipumba, Spika Ndugai akakubali ndani ya siku chache. Novemba 2020 CHADEMA ikawafukuza Halima Mdee na wenzake 18, nao wa viti maalumu, nao wakakaa bungeni mpaka Bunge likavunjwa 2025. Wanasheria watanikumbusha rufaa za ndani ya chama na kesi ya Mahakama Kuu, nami nakubali zilikuwepo. Bado namuuliza mtu yeyote anieleze kwa nini saa ya Spika ilikimbia 2017 ikatembea 2020.

Dawa inajulikana. Mgombea binafsi kwanza, kisha wananchi wapewe uwezo wa kumwita mbunge wao nyumbani, chama kibaki na haki ya kumnyima kadi tu. Mchungaji Christopher Mtikila alishinda hoja ya mgombea binafsi Mahakama Kuu mwaka 1994, Bunge likabadili Katiba kumzuia. Akashinda tena 2006. Mahakama ya Rufani ikasema 2010 kwamba hilo ni la Bunge kuamua. Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, ikasema Tanzania imekiuka haki zake. Mtikila alifariki Oktoba 2015 na mlango bado umefungwa. Rasimu ya Katiba mpya ya Tume ya Warioba iliuweka wazi, pamoja na haki ya kumwondoa mbunge, na tunajua rasimu ilikoishia. Wanaopaswa kuufungua ni vyama, CCM na wapinzani, na hilo ndilo jambo pekee ninaloona wanakubaliana bila kikao cha maridhiano.

Nitapata wapi ripoti ya Escrow? Nimeona kipande WhatsApp. (Msomaji, Uvinza)

Kipande cha WhatsApp kifute. Kila anayekutumia amekata pale panapomfaa. Tafuta Taarifa Rasmi za Bunge, ziitwazo Hansard, za mkutano wa Novemba 2014. Ziko kwenye tovuti ya Bunge na hazilipiwi. Mtandao wa Uvinza ukisuasua, mpe kijana anayekwenda Kigoma mjini flashi akupakulie. Anza na maazimio yaliyo mwishoni, kisha rudi nyuma usome majibu ya Waziri Muhongo yote, neno kwa neno, hata kama yanakuudhi. Ukimaliza, niandikie swali jipya.