Re: Kipimamvua kinahesabu mvua huku jua linawaka

Jambo ndugu. Unasema mvua ikipiga mtaani kwenu Himbi ndoo ya uani inajaa, lakini kipimamvua kinaandika mm 3 tu, halafu kinaendelea kuhesabu asubuhi mbingu zikiwa safi. Acha betri na waya kwanza. Faneli, ile ya juu inayopokea mvua, imeziba.

Ivue, uchungulie mwanga kupitia tundu lake. Hapa Goma vumbi jeusi la lava na jivu la volkano ya Nyiragongo vikilowa vinagandamana kama ukoko wa ugali, maji yanabaki juu yakidondoka tone kwa tone. Zibua kwa brashi laini, si msumari. Vile vijiko viwili vya ndani, vinavyopinduka kwa zamu vikijaa na kila mpinduko ukahesabiwa, visafishe kwa maji tu. Ukivishika, mafuta ya kidole yanafanya maji yang'ang'anie. Tope likibaki ndani, kijiko kinapinduka kabla ya wakati na mvua inazidishwa.

Kisha pima. Kama mdomo wa faneli una kipenyo cha sm 20, eneo lake ni sm² 314, kwa hiyo maji ml 314 ni sawa na mvua ya mm 10. Yamimine polepole, kwa nusu saa hivi (ukiharakisha, mengine yanapita bila kuhesabiwa). Kwa chombo ambacho kila mpinduko ni mm 0.2, utapata karibu mipinduko 50. Ikiwa pungufu sana, angalia kama chombo kimekaa sawasawa. Kijiko kikipinduka na hesabu haisogei, hapo ndipo ushuke kwenye swichi ya sumaku inayohesabu mipinduko.

Data za siku zile zitie alama ya shaka, usiandike sifuri. Kama faneli haikufurika, jumla ya mvua inaweza kufaa. Saa zilizoandikwa za kunyesha ndizo za uongo.