Muulize Fundi: Bedford ya jeshi, kutoka Mkoani mpaka Chake

SWALI: Assalaam alaykum fundi. Mie nimenunua lori kuukuu la jeshi, Bedford ile ya tani 4, limekaa uani kwa mtu hapa Mkoani miaka na miaka, injini haiwaki. Nataka kulipeleka Chake kwa mafundi. Ami yangu ana Canter na kamba nene ya chombo, anasema tutalivuta pole pole tu halina neno. Wewe wasemaje? (Msomaji, Mkoani)

JIBU: Waalaykum salaam ndugu yangu. Ami yako mpe salamu zangu na umsomee haya yote kabla hajatia ufunguo, hiyo Canter isilivute hilo lori hata kutoka hapo uani.

Watu wengi wanapotea kwenye hiyo "tani 4". Hiyo ni mzigo linaoubeba, si uzito wake, Bedford hiyo ikiwa tupu kabisa inapita tani 5. Canter ni nyepesi kwa mbali. Kupanda labda itakokota hivyo hivyo huku klachi inanuka, lakini shida si kupanda, shida ni kuteremka, na vilima vya Pemba nyie mnavijua, hujamaliza kupanda huu ushaanza kuteremka ule. Hapo lori la nyuma ndilo linakuwa dereva. Linaisukuma Canter linavyotaka, likiikuta kwenye kona linaikunja ubavuni, na ami akikanyaga breki za gari ndogo zitazuia nini?

Na kamba usiitaje kabisa. Nilipokuwa kijana nilikalishwa kwenye usukani wa lori bovu linavutwa kwa nyororo, tena dogo kuliko hilo lako. Injini imezima kwa hiyo hamna upepo wa kusaidia breki, pedeli ya breki ngumu kama jiwe, usukani nauzungusha kwa mwili mzima mpaka vidole vinakufa ganzi, nyororo mara inalegea inaburura lami inatoa cheche, mara inakaza ghafla shingo inarudi nyuma, na mbele naona bodi ya lori linalonivuta inanijia. Nililiingiza kwenye mihogo ya watu ndio likasimama. Mpaka leo nikiona gari kubwa imefungwa kamba natoka barabarani nasubiri ipite.

Ukipata lobedi ile ya kubebea makatapila, lipa ndugu yangu, ulipakie limefungwa nyororo pande zote nne, mambo yameisha. Ukikosa, basi tafuta Fuso au Isuzu kubwa ambayo uzito wake haupungui wa hilo Bedford, ikiwa nyepesi itiwe mchanga, na mvute kwa chuma kigumu, kile cha umbo la A kinachoshika pande mbili za mbele. Kishike kwenye chasisi, sio bampa. Lori za jeshi zimetengenezwa kuvutwa, mbele utakuta vyuma vya kufungia vimeshikwa na chasisi yenyewe, angalia tu kama kutu haijavila.

Kabla ya hapo fundi alale chini ya gari. Propela zote afungue, yaani vile vyuma virefu vinavyozunguka kupeleka nguvu ya gia kwenye magurudumu, ya mbele na ya nyuma, maana magurudumu yakizunguka yanazungusha na gia huku injini imelala, oili haifiki inapotakiwa, ukifika Chake ushapata ubovu mpya. Magurudumu anyanyue moja moja ayazungushe kwa mkono aone yapi yameganda. Kama lina zile busta zenye springi za kubana breki upepo ukiisha, asizifungue wala asizipige nyundo! Springi ile imebanwa kwa nguvu kubwa mno, ikiruka inaua mtu. Inarudishwa taratibu kwa bolti yake na fundi anayeijua, na akisharudisha jueni kwamba breki hiyo haipo tena. Mfumo ukiwa unakubali, gari inayovuta ilipe upepo kwa mpira ili na la nyuma liwe na breki.

Mwendo kilomita 20 kwa saa, basi. Mkienda 40 mnakula karibu mita 11 kila sekunde, na nguvu ya kuzuiwa inakuwa mara nne ya ile ya 20, si mara mbili kama watu wanavyodhani. Mpaka Chake ni kama kilomita 30, saa moja na nusu mmefika. Tokeni baada ya sala ya alfajiri kukipambazuka, siku isiyo ya skuli, kabla gari za abiria za 603, zile za Mkoani na Chake, hazijajaa njiani. Mvua ikinyesha ahirisheni. Msimu wa karafuu ndio muwe na hadhari zaidi, watu wanazianika kwenye majamvi kandokando ya barabara na watoto wako hapo hapo. Trafiki waambieni mapema, gari ya nyuma iwashe taa za hazadi, na utingo awe na kabari mkononi. Mkisimama kwenye mteremko kabari kwanza, na mtu asiingie kabisa katikati ya gari mbili.

SWALI: Fundi, mume wangu anavuta lori la zamani kesho kutwa, na mtoto wetu wa miaka 15 ndiye atashika usukani wa lile bovu. Anasema kazi yake ni kunyoosha tu. Roho yangu haijatulia. (Mama, Makunduchi)

JIBU: Dada yangu, roho yako imekwambia kweli, mzuie. Usukani wa lori lililozima unamshinda mtu mzima, sembuse mtoto, na breki akizitaka mguu wake hautoshi. Anayekaa nyuma ndiye anayetakiwa kuwa dereva hodari kuliko wa mbele, mwenye leseni ya magari makubwa, na wawe wamekubaliana honi moja ni nini na mbili ni nini. Mwambie mumeo asubiri mpaka ampate dereva, lori halina haraka, na mwanangu huyo siku hiyo abaki na wewe nyumbani.