Re: Drive C imejaa, nifute nini?

Kaka wa Ngamiani, umefuta picha za wateja wa steshenari na nafasi bado ileile? Zimo Recycle Bin (pipa la taka la kompyuta), mwaga kwanza. Kisha bonyeza kitufe cha Windows na R kwa pamoja, andika cleanmgr (programu ya Windows ya kusafisha diski), chagua C, bofya "Clean up system files". Ukiona "Previous Windows installations" (mafaili ya Windows ya awali), weka tiki: hiyo peke yake huweza kurudisha GB 10 na zaidi, ila kurudi toleo la zamani ndiyo basi tena. Ukikuta tiki ya Downloads, iondoe, kazi za watu ziko humo!

Hutumii hibernate (kuzima kompyuta huku ulichofungua kikihifadhiwa kwenye diski)? Fungua Command Prompt kama administrator, andika powercfg /h off. Faili la hiberfil.sys linalotumiwa na hibernate, kwa kawaida ukubwa wake takriban asilimia 40 ya RAM, litaondoka. Kuwaka kutachelewa kidogo tu. Folda ya WinSxS (ina vipande vya Windows yenyewe) usiifute kwa mkono, Windows inaweza kugoma kuwaka.