Kijana, usisaini kete ambazo hukuzihesabu

Hebu soma tena ulichoandika humu, wewe askari polisi mpya: "Sajenti kasema nisaini tu hati ya kukamata mali, hesabu tutaiweka sawa kituoni asubuhi." Halafu unatuuliza kipi bora kati ya doria na kikosi cha misako, kota zinapatikanaje, na kama utaweza kusoma jioni. Dogo, wewe una nyoka mguuni unauliza bei ya viatu.

Mimi ni polisi mstaafu. Nimetoka chuo cha polisi Moshi na masikio kama yako, yanayoamini kila mwenye V nyingi begani. Doria ni miguu na mbu, basi. Misako ya gongo, bangi na madanguro ndiyo inayomaliza watu, na hawamalizwi na wahuni. Wanamalizwa na karatasi.

Katikati ya miaka ya tisini, Kinondoni, saa nane usiku. Tumeingia chumba cha jamaa, chini ya kitanda mfuko wa rambo umejaa kete za bangi zilizofungwa kwa gazeti. Tochi yetu inamulika kama kibatari. Mjumbe wa nyumba kumi hatujamwamsha, eti atatuchelewesha. Sajenti akaupima mfuko kwa kiganja, kama mtu anayenunua mchele, akasema, "Andika sitini. Saini, dogo, difenda linasubiri." Nikaandika sitini. Nikasaini.

Mahakamani wakili akaomba zihesabiwe. Moja moja, juu ya meza, kwa sauti. Zikaishia arobaini na saba. Akanigeukia: "Afande, hizo kumi na tatu umevuta wewe?" Watu wakacheka hadi karani. Na mimi hata sigara sijawahi kuvuta. Kifua changu ni cha pumu.

Jamaa akaachiwa. Getini akanisimamisha, akaniamkia kwa adabu zote, "Shikamoo afande." Sijawahi kuitikia marahaba nzito kama ile.

Sasa yule Sajenti. Alipoulizwa akasema yeye alikuwa nje analinda gari! Mtu aliyekalia kitanda cha mtuhumiwa huku akinisomea cha kuandika! Nikashtakiwa kijeshi mimi, nikaponea chupuchupu kufukuzwa, nikatupwa lindo la benki. Ukoplo ukaja miaka sita baadaye, niliomaliza nao Moshi wakiwa tayari wananipigia kelele kwenye gwaride. Yeye alistaafu na sherehe, mbuzi wakachinjwa. Nyama sikula. Sawa, nilikula kidogo.

Kwa hiyo shika hili moja, mengine utajifunza huko huko: hesabu palepale, mbele ya mwenye chumba na shahidi, ndipo usaini. Mwamshe mjumbe hata akikutukana. Mwenye chumba naye asaini, na shahidi asaini. Enzi zetu ilikuwa kifungu cha 38(3) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, na mawakili wanakijua kuliko sala zao. Ukimkabidhi mtunza vielelezo, hesabuni tena, naye asaini kwamba kapokea. Gongo vivyo hivyo: andika madumu mangapi, ya lita ngapi, yamejaa au nusu. Usiandike "madumu kadhaa". Kadhaa ndiyo mlango anaopitia mshtakiwa kwenda nyumbani.

Sajenti akikasirika mwambie, "Afande, naomba basi usaini wewe." Utaona kalamu inavyogeuka ya moto. Utaitwa mjuaji, utapangiwa lindo la Idi na Krismasi. Kubali.

Madanguro sijayagusa, na uliuliza. Kota pia, na masomo. Wapo humu watakujibu, mimi mkono umeshachoka. Ila nunua tochi yako mwenyewe. Ile ya kituo betri zake huwa zimeshahamia kwenye redio ya mtu.