Maswali yenu: lugha ya mkutano, zamu za Ramadhani na mtoto anayechekwa

Nimechagua barua tano zinazohusu kuishi, kusoma na kufanya kazi na watu wa kabila au dini nyingine hapa Mombasa. Nimezifupisha.

Ofisi yetu ya mawakala wa mizigo ina watu wa makabila mengi. Bosi huanza mkutano kwa Kiswahili, kisha yeye na wenzake wawili humalizia kwa lugha ya kwao. Nimeshakosa maagizo zaidi ya mara moja. Nikisema, nitaonekana mkabila. (Karani, Ganjoni)

Kuomba uelewe kazi yako si ukabila. Tenganisha mambo mawili. Saa ya chakula cha mchana, watu wakipiga soga kwa lugha ya mama yao, waache. Kifungu cha 44 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kutumia lugha yake. Mkutano wa kazi ni habari nyingine. Kontena likipitisha siku za bure bandarini, ada ya kuhifadhi inaanza kuhesabiwa, na atakayeulizwa ni wewe uliyeshika faili.

Usimkatize bosi mbele ya watu. Mwendee kabla ya mkutano ujao, umtajie faili lililochelewa, usimtajie kabila. Mwambie: "Naomba maagizo yote yasemwe kwa Kiswahili, na tukimaliza yaandikwe kwenye grupu yetu ya WhatsApp." Mabosi wengi wakiambiwa hivyo hujirekebisha, kwa sababu hasara ya faili ni yao pia. Akiendelea, andika tarehe na agizo ulilokosa kila inapotokea. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inakataza kumbagua mfanyakazi kwa lugha au kwa asili yake, na shauri likifika mbele ya sheria, mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba hakubagua.

Nasimamia wahudumu wa mkahawa wa hoteli. Ramadhani ikiingia, Waislamu wote huomba kutoka kabla ya magharibi, na Wakristo wananung'unika kuwa wanabebeshwa mzigo. (Msimamizi, Nyali)

Wote wana haki ya kunung'unika, maana mipango yenu inaanza mwezi ukishaandama. Kaeni katikati ya Shaabani, mwezi unaotangulia Ramadhani, ratiba ya zamu ikiwa mezani.

Muulize mmoja mmoja anahitaji nini, usiwakisie. Wako watakaotaka kufuturu na watoto wao, na wako ambao robo saa inawatosha: tende tatu, maji, sala, kisha warudi kazini. Hao wa robo saa wagawe makundi mawili. La kwanza litoke adhana inapoadhiniwa. La pili lifungue kwa tende na maji pale pale kaunta, likasali wenzao wakirudi, kwa kuwa wakati wa magharibi haupiti mara moja. Watafutie kona safi nyuma ya jikoni yenye mkeka na ndoo ya maji. Nimewahi kuona wahudumu wakila futari wamesimama kando ya mapipa ya taka, na iliniuma sana.

Halafu malipo. Anayeshika zamu ya jioni mwezi wa Ramadhani aandikwe kwenye karatasi ile ile kwamba Krismasi au Jumapili ya Pasaka atapumzika, na jina la atakayemshikia liwe pembeni. Ahadi ya mdomo husahaulika kufikia Desemba.

Na jambo moja ambalo wasimamizi wengi, hasa wanaume, hawalifikirii: dada Mwislamu ukimwona anakula mchana, usimuulize kwa nini hafungi. Anazo sababu zake, na zingine hawezi kuzitaja mbele ya watu.

Tumehamia kutoka Kisii. Mwanangu wa gredi ya tano anachekwa Kiswahili chake, sasa hajibu chochote darasani. (Mama, Mikindani)

Mama, mwendee mwalimu wa darasa kabla ya kuwaendea wazazi wa hao watoto. Mwombe mambo mawili: asahihishwe na mwalimu peke yake, na kila wiki apewe kifungu cha kusoma kwa sauti ambacho amekizoea nyumbani. Mtoto akisoma vizuri mara chache, kicheko hupungua. Wala usimwachishe Ekegusii nyumbani.

Nanyi Wapwani wenzangu, utani wetu kwa "watu wa bara" una ncha, na watoto wanaurithi kwetu. Mtoto wa Mji wa Kale anayesema "mato" kwao naye hupoteza alama asipoandika "macho", kwani Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, lahaja ya Zanzibar, si Kimvita chetu cha Mombasa. Hao wawili wanajifunza pamoja.

Mimi ni Mdigo, nina diploma. Kila nafasi ya serikali naambiwa imechukuliwa na watu wa bara. Sheria haitulindi? (Kijana, Likoni)

Inakulinda. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inasema taasisi ya umma isiwe na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi ziwaendee wasio wa jamii iliyo kubwa katika kaunti. Kwa hiyo Mkamba aliyezaliwa Changamwe naye analindwa.

Uchungu wako naujua. Pwani hii kuna wazee wanaoishi bila hati kwenye ardhi walikozaliwa. Lakini nafasi yako haikuchukuliwa na mama wa bara anayeuza sukuma wiki Kongowea. Hifadhi tangazo la kazi na barua uliyojibiwa, kisha uandike malalamiko kwa Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa (NCIC) ukitaja taasisi na nafasi.

Mimi ni Mkristo, nimealikwa harusi ya Kiislamu Mji wa Kale. Nijiandae vipi? (Dada, Bamburi)

Vaa gauni refu na ubebe mtandio. Wanawake hukaa peke yao, huvua mabuibui na kujipamba, kwa hiyo usipige picha bila ruhusa. Likiletwa sinia la biriani, kula kwa mkono wa kulia, upande ulio mbele yako.